Mnyonyo Ulionifundisha Kutafuta

Risini, sumu iliyomo katika mbegu ya mnyonyo, ni mtafutaji hodari kuliko programu yoyote ya kompyuta niliyowahi kuitumia. Ikishapenya ndani ya seli ya binadamu hukutana na ribosomu, mtambo unaounga protini zote za mwili, na ndani ya kila ribosomu kuna nyuzi nne za RNA zenye jumla ya herufi zaidi ya 7,000. Katika herufi hizo zote risini inaitaka moja tu: adenini fulani iliyokaa juu ya kitanzi kidogo. Inaing'oa besi hiyo, inauacha uti wa uzi jinsi ulivyo, kisha inaiendea ribosomu nyingine. Molekuli moja huweza kuzima ribosomu zaidi ya 1,000 kwa dakika. Adenini nyingine zimo humo kwa mamia, na risini haina habari nazo.

Waliogundua shabaha hiyo ni Yaeta Endo na Kunio Tsurugi, watafiti wa Japani, mwaka 1987. Sumu yenyewe ilikuwa imepewa jina karibu karne nzima kabla, 1888, na Hermann Stillmark, mwanafunzi wa udaktari huko Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu. Swali lililonishika mimi, na ambalo halijaniachia mpaka leo, ni namna inavyojua. Herufi zinazoikumbatia adenini ile ni G, A, G, A. Herufi nne za RNA zikipangwa nne nne hutoa michanganyiko 256, kwa hiyo katika uzi wa herufi 7,000 ungetarajia GAGA ijitokeze kwa bahati tu zaidi ya mara 20. Risini haisomi herufi, basi. Inasoma kitu kingine.

Nimekulia Oldeani, wilayani Karatu, mahali ambapo mashamba ya kahawa yanapanda mlima mpaka yagusane na msitu wa hifadhi ya Ngorongoro. Huko hakuna anayepanda mnyonyo. Unajiotea kandokando ya barabara za mashamba, kwenye mifereji, nyuma ya kambi za wafanyakazi, popote udongo ule mwekundu ulipochimbuliwa ukaachwa. Ni mmea wa kwetu kweli: asili yake ni Afrika Mashariki na Ethiopia, ingawa sasa umeenea dunia nzima. Bibi yangu alikusanya mbegu zikishakauka, akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha kwa maji mengi na kuengua mafuta yaliyoelea. Tulipakwa kichwani na miguuni, hasa msimu wa baridi ukungu unaposhuka kutoka mlimani na ngozi za watoto zinapopasuka. Lakini mbegu mbichi alitukataza hata kuichezea, na makapi aliyazika mbali na mbuzi. Alikuwa sahihi katika kila hatua. Risini ni protini. Haiyeyuki katika mafuta, na moto wa kutosha huiharibu, ila makapi yasiyoiva vizuri hubaki na sumu yake. Maarifa yale aliyapokea kwa mama yake, nami nayahesabu kuwa somo langu la kwanza la baiokemia.

Sekondari tulifundishwa ribosomu ni nukta. Ndivyo zilivyochorwa ubaoni: seli kama yai, kiini katikati, na nukta za chaki zimetawanywa pembeni. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya nukta ile kuna uzi uliojikunja kwa ustadi kupita ususi wowote, wala kwamba mmea ulioota nje ya dirisha la darasa unaifahamu ile nukta sehemu kwa sehemu. Nilikuja kulisikia hilo Tengeru, nje kidogo ya Arusha, nilipoingia Taasisi ya Nelson Mandela na kumkuta mwalimu aliyekuwa akishughulika na maumbo ya RNA. Nilimweleza habari ya mnyonyo wa bibi. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika kwenye karatasi: AGUACGAGAGGA.

"Mdogo wangu," akasema, "hizi ni herufi kumi na mbili. Ziko hivyo hivyo kwa bakteria wa tumboni, kwa chachu ya pombe, kwa mnyonyo, kwa bibi yako. Ukizitafuta kwa herufi utaipata ribosomu ya karibu kila kiumbe, halafu utakwama hapo. Sasa nenda ukatafute bila herufi."

Maneno yale yalinichukua muda kuyaelewa, na naona ni vizuri niyaeleze polepole, kwa kuwa ndiyo kiini cha kazi yote.

RNA ni uzi mmoja unaojikunja na kujishika wenyewe. Penye A kukutana na U, na G kukutana na C, hujengeka ngazi iliyosokotwa, ile ile tunayoijua kwenye DNA. Katikati ya ngazi hizo kuna sehemu ambazo herufi hazilingani, na vitabu vingi huzichora kama mapovu matupu, kana kwamba hapo hakuna kinachoendelea. Ukweli ni kinyume chake. Ndani ya mapovu hayo besi zinashikana sana, ila zinashikana kwa pande nyingine. Neocles Leontis na Eric Westhof walilipanga jambo hili mwaka 2001: kila besi ina kingo tatu za kushikia, na uti wa uzi unaweza kukaa kwa namna mbili kuhusiana na mshiko huo, kwa hiyo besi mbili zina njia 12 za kukutana. Njia moja tu ndiyo ile ya shuleni. Kumi na moja zilizobaki ndizo zinazoipa RNA mikono, viwiko na magoti.

Kitanzi cha risini kimejengwa kwa mishiko hiyo ya ajabu. Kuna G moja iliyochomoza nje ya mstari ikaikamata U iliyo jirani yake kwa ubavu. U hiyo nayo imeinyoshea mkono A iliyo upande wa pili, kwa ukingo ambao kwa kawaida hautumiki. Zote tatu zinalala katika bapa moja. Hapo uti wa uzi unapinda kwenda na kurudi, umbo la S. Juu yake GAGA inafanya kofia ngumu, na adenini inayowindwa na sumu imewekwa mahali pa wazi, kwa sababu hapo ndipo protini saidizi zinapokuja kugusa ribosomu wakati wa kazi. Umbo likitulia namna hiyo, herufi nyingi zinaweza kubadilishwa na umbo likabaki. Kijijini kwetu mtu anayepanda kutoka Mang'ola hutambulika kwa mwendo wake akiwa bado mbali, vumbi limemfunika na nguo hazionekani rangi. Mwalimu alitaka nimtafute mtu kwa mwendo.

Zana za kufanya hivyo zipo, na hazitozi senti. Tangu 1971 kuna hazina ya dunia inayopokea maumbo ya molekuli za uhai, atomu kwa atomu, inayojulikana kwa kifupi PDB. Juu ya hazina hiyo wenzetu wamejenga kanzidata za vipande vya RNA vinavyojirudia, vipande vinavyoitwa motifu. Chuo Kikuu cha Bowling Green, Ohio, kilitoa programu iitwayo FR3D mwaka 2008, na miaka mitano baadaye ikachapishwa atlasi ya motifu ambayo kompyuta yenyewe huipanga upya kila baada ya wiki nne. Huko Poland, Poznań wana FRABASE na Warszawa wana RNA Bricks. Unachagua besi chache kutoka kwenye umbo unalolijua, tuseme saba, unaiambia programu ikuletee kila mahali penye besi saba zilizokaa vivyo hivyo, na unaweka kikomo cha tofauti utakayoivumilia. Jibu huja kama orodha, la karibu zaidi juu, la mbali zaidi chini.

Kazi ngumu iko kwenye kile kikomo. Nilipokibana sana, orodha ilijaa vitanzi vya risini vya viumbe mbalimbali, yaani kitu nilichokuwa nacho tayari. Nilipokilegeza sana, vilikuja vipande vilivyofanana na swali langu kwa bahati tu, ngazi zilizopinda kidogo, mikunjo isiyo na mshiko wowote ndani yake. Thamani ilikuwa katikati, na katikati hapana alama. Mwalimu akanifundisha kuacha kuhangaika na namba peke yake na kuliangalia swali. Je, ile C lazima iwe C? Hapana. Je, ile U lazima ikutane na A kwa ukingo ule ule? Ndiyo, hapo ndipo umbo linapozaliwa. Je, kati ya upande mmoja na mwingine wa kitanzi ziwe herufi ngapi? Zozote, kwa sababu motifu hujali nani kamshika nani, haijali uzi umezunguka wapi kabla ya kurudi. Kila ndiyo na kila hapana ilinilazimu kusema ninachokiamini kuhusu umbo lile, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mtafiti. Kubonyeza kitufe cha kutafuta kulikuja baadaye.

Nilipouliza hivyo, orodha ilibadilika kabisa. Mkunjo ule ule wenye G iliyochomoza ulikuwa mahali pengine ndani ya ribosomu ile ile, mbali na kitanzi cha risini, ukifanya kazi ya kushikilia nyuzi pamoja. Ulikuwa kwenye RNA ndogo ya 5S ya viumbe wenye kiini, katika sehemu inayoitwa kitanzi E. Ulikuwa kwenye ribozaimu ya pini, RNA inayojikata yenyewe bila msaada wa protini. Na ushahidi wa kimaabara unauonyesha pia kwenye kiroidi cha viazi, kijidudu cha ajabu ambacho ni uzi mtupu wa RNA wenye herufi 359, bila ganda wala protini yake hata moja, na bado kinaharibu mimea shambani. Wengine walikuwa wameyaona haya kabla yangu. Leontis na Westhof waliandika juu ya mkunjo huo kujirudia katika RNA za ribosomu tangu 1998. Hilo halikunipunguzia furaha. Niliviweka vipande hivyo kimoja juu ya kingine kwenye kioo cha kompyuta na vikalaliana, besi juu ya besi, wakati herufi zao zilikuwa tofauti.

Kisha likaja swali lililonipa usingizi wa mang'amung'amu: mbona risini haivigusi hivyo vingine? Jibu likawa kwamba kitanzi cha risini ni maumbo mawili yaliyopandana. Mkunjo wa S ni mwili. Kofia ya GAGA ni kichwa. Mwili unapatikana kwingi, na kofia za aina hiyo nazo zinapatikana kwingi, ila vikutane pamoja, mahali pa wazi panapofikika, ndipo sumu inapopatambua. Tangu hapo kila ninapochukua kipande kwenda kukitafuta hujiuliza kwanza mpaka wake uko wapi. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima kama kanzidata ina motifu fulani au haina, kumbe kila mmoja amekata mahali pake.

Likizo moja nilimwonyesha bibi picha ya kitanzi. Tulikuwa tumekaa barazani, kompyuta juu ya kigoda.

"Shikamoo bibi. Hiki ndicho kinachoguswa na ile sumu uliyotukataza."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akaitazama ikizunguka. "Umesema na mnyonyo wenyewe unacho?"

"Unacho, bibi. Ule ule."

"Sasa mbona haujiui?"

Swali hilo ni zito kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina. Ribosomu za mnyonyo zina kitanzi kile kile, na risini inatengenezwa ndani ya seli za mmea huo huo. Kinachouokoa ni kwamba sumu hutengenezwa ikiwa bado imelala, katika umbo ambalo haliwezi kung'oa adenini, na huamshwa tu ikishafungiwa ndani ya vifuko vya akiba vya mbegu, mbali na ribosomu. Nilimweleza hivyo. Akasema mwenye kisu hukiweka alani, akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilibaki na jambo la kuandika daftarini: kanzidata inakwambia umbo liko wapi, haikwambii ni nani anayelifikia. Hilo lazima ukaliulize kwenye seli.

Kuna jambo jingine ambalo mtu anayeanza lazima alijue mapema, nalo ni marudio. Hazina ile ina mamia ya maumbo ya ribosomu, lakini sehemu kubwa ni za viumbe wachache, hasa bakteria Escherichia coli na Thermus thermophilus, zimepigwa picha tena na tena kila moja ikiwa na dawa tofauti. Orodha ikikupa majibu mia nne, huenda ni majibu matatu yaliyorudiwa. Ndiyo maana wenye atlasi huchagua wawakilishi, umbo moja bora kwa kila kundi, na kutafuta humo. Ubora nao una kipimo chake, kinachohesabiwa kwa angstromu, ambayo ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Kwenye angstromu 2 au 2.5 unaona besi imegeukia wapi. Ukifika 4, mtu aliyejenga modeli mara nyingi amekisia upande, na mshiko unaouona kwenye kioo unaweza kuwa matumaini yake. Nimejizoeza kufungua kila jibu na kulitazama kwa macho kabla ya kulihesabu. Inachosha. Hakuna njia nyingine.

Ribosomu iliyofungua mlango wa haya yote ilitoka mahali ambapo mtu wa Karatu anaweza kupafikiria bila shida. Ni ya Haloarcula marismortui, kijidudu cha Bahari ya Chumvi. Kundi la Thomas Steitz na Peter Moore, Chuo Kikuu cha Yale, walilichapisha umbo la sehemu yake kubwa mwaka 2000 kwa angstromu 2.4. Mwaka uliofuata wakatoa kutoka humo motifu iliyopata umaarufu kupita zote, mkunjo-kiwiko, unaoikunja ngazi ya RNA ghafla. Walihesabu sita katika uzi mmoja wa ribosomu hiyo, kisha wakaona miwili mingine kwa Thermus. Steitz alishiriki Tuzo ya Nobel ya 2009 pamoja na Venkatraman Ramakrishnan na Ada Yonath. Bahari ya Chumvi iko kwenye mfumo ule ule mkubwa wa Bonde la Ufa uliochonga ukuta unaosimama juu ya Ziwa Eyasi, na magadi yetu yana wapenda-chumvi wao: Natronobacterium gregoryi ilitolewa Ziwa Magadi, Kenya, ikaelezwa kisayansi 1984. Nalitaja hili kwa sababu ninaamini kwa moyo wote kwamba majibu yaliyomo kwenye kanzidata hutegemea ni viumbe gani mtu alijali kuwachunguza. Umbo lisilopatikana kwenye orodha huenda lipo, ila hakuna aliyelipiga picha.

Zika ni ushahidi. Kirusi hicho kilipatikana 1947 kwa kima aliyewekwa msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Jamaa yake, kirusi cha West Nile, kilikuwa kimepatikana 1937 kaskazini-magharibi mwa Uganda. Vyote viwili ni virusi vya RNA, na vyote vina hila moja. Kimeng'enya cha seli kinachotafuna RNA kutoka mwanzo kuelekea mwisho kinapofika sehemu fulani kinakwama, na kipande kinachosalia kinakisaidia kirusi. Kizuizi ni umbo: uzi unajipinda ukawa pete, na mwanzo wake ukapita katikati ya pete hiyo. Kundi la Jeffrey Kieft, Colorado, lililionyesha kwanza kwa kirusi cha Bonde la Murray cha Australia mwaka 2014, kisha kwa Zika mwaka 2016, wakati Brazili ilikuwa ikiugua. Miaka karibu 70 ilipita kati ya msitu ule na umbo lile. Lilipopatikana, watu waliweza kuulizia hila ya namna hiyo kwingine, na ikaonekana hata virusi vya mimea vina pete yao, imejengwa kwa namna nyingine lakini inafanya kazi ile ile.

Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 homa ya Bonde la Ufa iliingia wilaya ya Ngorongoro, ikasambaa mikoa mingine. Bucha zilikosa wateja, ng'ombe walitupa mimba, watu walikufa. Kirusi chake ni RNA pia, vipande vitatu, na kilielezwa mara ya kwanza 1931 kutoka shamba lililo kando ya Ziwa Naivasha. Nikiwaona vijana wa kidato cha sita wa Karatu wakiuliza nini cha kusoma, huwaambia kwamba kazi ya kuuliza maumbo ya virusi hivi ni yao kwa haki yote, na kwamba kuanza hakuhitaji darubini ya mabilioni.

Huwapa namba moja ya kuandika: 483D. Ndiyo anwani ya kitanzi cha risini cha E. coli katika hazina ile, kilichotolewa na Carl Correll na wenzake. Herufi 27 tu, kwa angstromu 1.11, kiasi kwamba karibu kila atomu inaonekana imekaa wapi. Faili lake ni dogo na halimalizi bando. Wakilifungua, waitafute kwanza G iliyochomoza, kisha U iliyokamatwa nayo, kisha A ya upande wa pili. Wazitenge hizo tatu pamoja na jirani zake nne, waamue wenyewe ni ipi inaruhusiwa kubadilika na ipi hairuhusiwi, ndipo watafute.